Skuta ya 150 inalia sana kwenye 65: chora mstari kwanza, rola zinunuliwe baadaye

Dada wa Mukono, Uganda, swali lako nalijua vizuri, nimeishi nalo. Umesema skuta yako ya 150 yenye injini ya GY6 inalia sana ukitulia kwenye kilomita 65 kwa saa kwenda Jinja, ukifika Lugazi masikio yanavuma, na rafiki yako wa Mombasa amekushauri ufunge rola (vile vipande vidogo vizito vya ndani ya puli ya mbele) za gramu 16 badala ya zile za 12. Tafadhali usizinunue bado.

Mimi niko Busia na ninapeleka vipuri vya cherehani Jinja karibu kila wiki, kama kilomita 120 kwenda tu. Kwenye safari ya namna hiyo kelele ndiyo taabu ndogo. Mkanda unachemka, mafuta yanaisha kabla ya wakati, na ukishuka mikono imekufa ganzi. Kwa hiyo nilifanya hicho hicho unachotaka kufanya: nikatoa rola za gramu 12, nikafunga za 16. Tambarare ilikuwa raha, skuta imetulia kabisa. Kwenye kilima cha kwanza cha maana, nikiwa na mzigo nyuma, injini ikaanza kuguguma, mwendo ukashuka hadi 40, na harufu ya kitu kinachoungua ikanifuata mpaka Iganga. Matumizi ya mafuta nayo yakaongezeka, kwa sababu kila kilima nilikuwa nimekaza akseleta hadi mwisho na injini haina pumzi.

Hapo nikaelewa jambo la kwanza. Mombasa ni usawa wa bahari. Mukono iko juu mita 1,200 hivi, na huku kwetu ni vivyo hivyo. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 12 ya nguvu zake kwa kimo hicho. Injini iliyokwisha kupungukiwa nguvu ukiilazimisha izunguke taratibu, inakosa hata kidogo ilichobakiwa nacho. Rafiki yako hakukudanganya, rola zile kwake huenda zinafanya kazi vizuri tu.

Jambo la pili ndilo kubwa, na mafundi wengi hawalisemi. Rola sita zimekaa ndani ya variata, yaani ile puli ya mbele inayobadilisha gia yenyewe. Injini ikizunguka zinatupwa nje, zinabana sahani, mkanda unapanda juu kwenye puli ya mbele. Nyuma kuna springi kubwa inayokataa. Mizunguko ya injini unayoisikia ni pale pande hizo mbili zinapolingana. Nguvu ya rola huongezeka sambamba na uzito wake, lakini kwa upande wa mizunguko huongezeka kwa mraba. Ndiyo maana ukitoka gramu 12 kwenda 13, mizunguko 6,500 kwa dakika hushuka hadi 6,250 hivi, na ukiruka hadi 16 inaporomoka mpaka 5,600.

Hayo yote ni kweli wakati mkanda bado una nafasi ya kupanda. Ukishafika ukingoni mwa puli, hauna pa kwenda tena. Hapo skuta ni sawa na pikipiki iliyo kwenye gia ya mwisho, na rola hata uziweke za risasi hazishushi kitu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote lazima ujue, ukiwa kwenye 65 yako, mkanda umefika wapi.

Namna ya kujua ni hii. Fungua kifuniko cha kushoto. Chukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia kwenye maboksi, uchore mistari minne kwenye uso wa puli ya mbele, upande ule mkanda unapokaa, kutoka katikati hadi ukingoni. Funga. Endesha kilomita kadhaa kwa mwendo wako wa kawaida, na usiuzidi hata mara moja, maana mstari utakudanganya. Pima mwendo kwa GPS ya simu, spidomita za skuta hizi huzidisha. Kisha rudi ufungue. Mahali mkanda ulipopita wino umefutika. Mimi nilipofungua ya kwangu, baada ya kurudisha rola za gramu 12, wino ulikuwa umebaki mweusi tii kwa upana wa karibu milimita 6 chini ya ukingo. Maana yake puli ilikuwa na nafasi ambayo sikuwa naitumia kabisa.

Nikaanza kumtafuta mwizi wa hizo milimita 6. Mkanda wangu umeandikwa 842-20-30: milimita 842 ni urefu, 20 ni upana, 30 ni nyuzi za pembe ya ubavu wake. Wako unaweza kuwa 743-20-30, inategemea urefu wa injini, usibahatishe. Nilipoupima, upana ulikuwa 18.4. Mkanda uliolika hukaa chini zaidi ndani ya puli hata sahani zikibanana kabisa, basi injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule. Rola zenyewe zilikuwa zimelika upande mmoja, zimekuwa bapa kama sabuni iliyotumika, hazisongi sawasawa. Halafu nyuma nikakuta springi ngumu ya mashindano. Fundi fulani aliyeishika skuta kabla yangu aliiweka ili ichomoke haraka kwenye taa. Springi ngumu huchelewesha mkanda kupanda, kwa hiyo mtu anayetaka utulivu barabarani hana kazi nayo.

Hapo niseme kwa mkazo: nati kubwa ya klachi ya nyuma imeikandamiza springi hiyo. Ukiilegeza bila kuishindilia klachi kwa uzito wa mwili wako au kibano, itakurukia usoni. Kama huna wa kukusaidia, mpelekee fundi. Pia angalia ngoma ya klachi, ikiwa imebadilika rangi kuwa ya bluu ujue klachi inateleza, na klachi inayoteleza nayo hupandisha mizunguko bure.

Nilifunga mkanda mpya, springi ya kawaida, na rola za gramu 13, kavu, bila grisi. Kwenye 65 mizunguko ilitoka 6,700 ikawa 5,800. Wino ulifutika mpaka ukingoni. Vilima skuta inapanda vizuri, na mkanda haunuki.

Ukinunua kile kipima mizunguko cha kuzungushia waya wa plagi, kumbuka GY6 hutoa cheche kila mzunguko mmoja, hata ule usio wa kuchoma mafuta. Kipimo kikiwekwa kwa injini inayotoa cheche moja kila mizunguko miwili, kitakuonyesha mara mbili ya ukweli. Umeandika kwamba yako inafika 11,000. Naamini kosa ni la kipimo, gawa kwa mbili halafu ukirekebishe.

Sasa, ikiwa wino wako umefutika wote tangu mwanzo, basi rola si dawa. Kinachobaki ni gia za mwisho kwenye gurudumu la nyuma, au tairi. Tairi husaidia kidogo: kutoka 120/70-12 kwenda 130/70-12 mzingo unaongezeka kama asilimia 3, na uhakikishe haigusi kifuniko. Gia ndizo zenye nguvu. Zangu zilikuwa meno 14 kwa 39, nikaweka 15 kwa 37, karibu asilimia 11 chini. Kwenye 80 nikatoka mizunguko 7,000 hadi 6,200. Lakini kwenye 65 tofauti ilikuwa ndogo mno, karibu sioni, na sababu yake ni ile ile: kwa mwendo huo mkanda haukuwa tena umefika ukingoni, rola na springi zikarudi kuwa ndizo zinazoamua. Gharama yake niliiona kwenye kuondoka. Kwenye mwinuko, ukiwa na abiria, klachi inashika kwa shida na kuchelewa. Kwa mtu wa foleni za Kampala nisingeshauri kabisa. Ukizibadilisha, badilisha na beringi, na oili iwe ya gia, 80W-90, kiasi kidogo tu, mililita 110 hadi 120 kwa giaboksi nyingi za aina hii.

Wewe safari yako ni Mukono hadi Jinja, kuna vilima kabla na baada ya msitu wa Mabira, na umesema unambeba mwanao. Kwa hali hiyo gia ningeziacha. Fungua, chora, endesha, kisha uniandikie mambo matatu: wino uliobaki ni milimita ngapi, upana wa mkanda, na uzito wa rola moja kwenye mizani ya duka la dawa au ya sonara. Nikivipata nitakuambia uongeze gramu ngapi, au uache kabisa.