Maswali ya Wasomaji: Maranta, maji ya bomba na picha za jioni

Barua kadhaa za mwezi huu zimehusu ua moja tu la ndani, yaani maranta, ambalo asubuhi hutandaza majani yake na jioni huyainua yakakutana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Tumechagua barua tatu.

Shikamoo, Bwana Shamba. Nilinunua maranta yenye mishipa myekundu katika kitalu kimoja cha Tengeru. Wiki za mwanzo ilipendeza, lakini sasa kingo za majani zinakauka na kuwa za kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nimeiondoa dirishani nikidhani ni jua, nikaiongezea mbolea nikidhani ni njaa, na maji nayachemsha kwanza kwa sababu nilielezwa kuwa ya bomba yana dawa. Nimekosea wapi?
*Mama wa Njiro, Arusha*

Marahaba, mama. Kama jua ndilo lingekuwa limeichoma, ungeona mabaka yaliyopauka katikati ya jani, hasa upande unaoelekea dirisha. Kwa ua linalokauka kuanzia ncha na kingo, mkazi wa Arusha anapaswa kushuku maji kabla ya kushuku kitu kingine chochote, na katika maji ashuku floraidi.

Madini haya hutoka katika miamba ya volkeno ya Mlima Meru, na kiasi chake hutofautiana sana kati ya chanzo kimoja na kingine, ndiyo maana jirani yako anayetumia kisima anaweza kuwa na maranta nzuri huku yako ikiungua. Tumezoea kuona athari zake kwenye meno ya watu waliokulia vijiji vya miteremko ya Meru. Kwenye ua hatujazoea kuziona, ingawa chanzo ni kilekile. Mizizi hufyonza maji pamoja na floraidi, maji husafiri hadi kwenye jani na kupaa yakiwa mvuke, lakini floraidi haipai, hivyo hujilimbikiza mwisho wa safari, ambako ni kwenye ncha na kingo, mpaka chembe hai za hapo zife. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, lakini ukoo wa maranta ni miongoni mwa mimea ya ndani inayoumia mapema, hata kwa maji ambayo wewe unaweza kuyanywa bila wasiwasi.

Sasa utaona kwa nini kuchemsha hakukusaidia. Moto huua vijidudu na kuondoa klorini, lakini floraidi hubaki sufuriani wakati maji yanapungua, kwa hiyo kila kikombe ulichomwagilia kilikuwa na floraidi nyingi kidogo kuliko kilivyotoka bombani. Mbolea nayo ichunguze, kwa kuwa mbolea za fosfati hutengenezwa kwa mawe ambayo kwa kawaida huwa na floraidi. Isitishe kwa sasa; mboji iliyoiva vizuri, kiganja kimoja juu ya udongo, inaitosha maranta kwa miezi kadhaa.

Dawa yako iko juu ya bati. Mvua inaponyesha, acha ya mwanzo ioshe vumbi la paa, kisha kinga inayofuata. Chungu kimoja cha sebuleni hakihitaji zaidi ya lita moja kwa wiki, na wakati wa baridi hupungua, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 yaliyojazwa wakati wa masika na kufunikwa vizuri yatakuvusha kuanzia Juni hadi vuli ianze. Mara ya kwanza mwagilia maji mengi ya mvua hadi yatoke chini ya chungu, ili yasombe chumvi zilizokwishajikusanya kwenye udongo, na usiyaache yatuame kwenye sahani.

Usitarajie sehemu iliyokufa irudi kuwa ya kijani. Unaweza kuikata kwa mkasi ukifuata umbo la jani, lakini hukumu yako iangalie majani mapya tu. Chagua jani moja linalofunguka, lipige picha kila Jumapili saa ileile kutoka mahali palepale, kisha linganisha picha hizo baada ya wiki nane. Macho yetu yana tabia ya kutuambia tunachotaka kusikia, na mimi mwenyewe niliwahi kusifia maranta iliyokuwa ikizidi kuharibika hadi nilipolinganisha picha. Jambo la mwisho kwako: mwezi wa Julai usiku wa Arusha huweza kushuka hadi karibu nyuzi 12, na maranta huanza kuteseka chini ya nyuzi 15, kwa hiyo iondoe karibu na kioo cha dirisha jua linapozama.

Nina maranta nyumbani Moshi na ninatamani kuonyesha katika video jinsi inavyokunja majani. Nikiipiga kwa flashi, jani hung'aa kama bati jipya, na nikiiacha bila flashi, naambulia giza. Pia mke wangu anasisitiza kwamba hiki ni kifauwongo tu kilichopewa jina la kizungu. Nani kati yetu yuko sahihi?
*Msomaji wa Soweto, Moshi*

Nianze na mkeo, ambaye hajakosea kabisa. Kifauwongo ni wa jamii ya kunde na maranta ni wa ukoo mwingine, lakini yote miwili ina asili ya Amerika ya kitropiki, na maranta hii ya sebuleni ilitoka Brazil. Tofauti iko kwenye kuguswa: kifauwongo hujifanya kimekufa papo hapo, ilhali maranta unaweza kuishikashika mchana kutwa isijali. Usiku ndiko inakofanana, kwa kuwa yote hukunja majani kwa kusukuma maji ndani ya kifundo kidogo kilichopo mwisho wa kikonyo cha jani. Chembe za upande mmoja zinavimba, za upande wa pili zinanywea, na jani linainuka au kuinama. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wa aina ya kifauwongo gizani akauona ukiendelea kufunguka na kufunga majani bila kuliona jua, jambo lililoonyesha kwamba haungoji tu kuambiwa na mwanga.

Hilo lina faida kwa mpiga picha, kwa sababu ua lenye saa yake mwenyewe halichelewi sana. Huku kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Weka simu juu ya kitu kisichotikisika saa kumi na moja jioni na uipange ipige picha moja kila dakika hadi saa tatu usiku. Utapata picha 240, na zikiunganishwa kwa picha 24 kila sekunde, saa nne nzima zitapita kwa sekunde 10.

Funga mwanga na fokasi kwenye simu kabla ya kuanza, la sivyo simu itajirekebisha yenyewe kila mara na video itapepesa. Kwa ajili ya giza, washa taa moja hafifu tangu mwanzo, uielekeze ukutani ili nuru irudi kwenye ua ikiwa laini. Taa kali ikielekezwa moja kwa moja kwenye majani inaweza kuyachelewesha kufunga. Flashi achana nayo. Mchana, kama mng'aro bado unakusumbua, weka mbele ya kamera kioo cha miwani ya jua ya aina inayokata mng'aro na ukizungushe polepole hadi weupe ule ufifie na mishipa ijitokeze. Picha ninayoipenda mimi kuliko zote hupigwa baada ya majani kusimama, wakati upande wa chini wenye rangi ya zambarau, ambao mchana hauonekani, unapokuwa nje.

Paka wangu hutafuna majani ya maranta. Je, atadhurika?
*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Hapana, maranta haina sumu kwa paka wala mbwa, ingawa akila majani mengi anaweza kuyatapika. Hofu yako uihamishie kwenye difenbakia, lile ua lenye majani makubwa ya madoa meupe ambalo watu wengi huliweka sebule hiyohiyo, kwani utomvu wake una fuwele zinazochoma mdomo na kuvimbisha ulimi, wa paka na wa mtoto pia. Hilo ndilo la kupandisha juu ya kabati.