Ukiandika kuhusu Cézanne na wachoraji wa Hungaria, anza na "aliionea wapi?"

Nyie mnaoanza kusoma historia ya sanaa, hasa mliopewa mada ya Hungaria, nawaambia kitu nilichojifunza kwa kurudishiwa insha. Niliandika kwamba wale Nyolcak, yaani Wanane, kundi la wachoraji wa Hungaria wa mwanzo wa karne ya 20, walimjua Cézanne, mchoraji Mfaransa, kupitia ile picha yake ya kabati la vyombo iliyoko makumbusho ya sanaa ya Szépművészeti pale Budapest, nikajaza kurasa mbili kuhusu kitambaa cheupe kilichojikunja na matunda na sahani ya biskuti, nikaona kazi imeisha. Mwalimu akaandika pembeni mwaka mmoja tu, 1917. Ndo makumbusho walipoinunua, wakati maonyesho ya mwisho ya Wanane yalikuwa 1912!

Kwa hiyo kabla hujasema fulani kamuathiri fulani, uliza aliona picha gani, wapi, lini. Kina Berény na Czóbel, wawili wa hao Wanane, walikaa Paris, huko ndo macho yalifunguka. Cézanne kafariki 1906, mwaka uliofuata Salon d'Automne, maonyesho ya kila mwaka ya Paris, wakamfanyia maonyesho makubwa. Halafu usimsahau Matisse, mchoraji mwingine Mfaransa, alinunua picha ya Cézanne ya wanawake watatu wanaooga tangu 1899, sasa mchoraji aliyechota kwa Matisse kashamchota Cézanne humo humo bila hata kumtaja. Ukishajua hilo nenda kaangalie Wapanda farasi wa Kernstok, mmoja wa Wanane, ya 1910, simama karibu kabisa: ile miili imejengwa kama ukuta, tofali juu ya tofali, haijaachwa iyeyuke kwenye mwanga. Hapo utaona walichochukua, na sio yale matunda.

Wakusanyaji nao wafuatilieni hivyo hivyo, na mimi hapa ndo napapenda zaidi. Marcell Nemes alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, alinunua picha za El Greco, mchoraji wa karne ya 16, na za Cézanne pamoja, na kipindi hicho hicho cha Wanane alikuwa anamiliki Kijana mwenye kizibao chekundu ya Cézanne. Picha niliyopaswa kuiandikia zile kurasa mbili ni hiyo. 1913 mkusanyiko wake ukapigwa mnada Paris, na huyo kijana leo ni wa mkusanyiko wa Bührle, mkusanyaji wa Uswisi, pale Zürich, aliibiwa 2008 akapatikana Serbia 2012. Kwa hiyo ukikuta mtu kaandika kwamba vijana wa Budapest wa miaka ya 1920 walikuwa wanaenda kumtazama huyo kijana kwa Nemes, mwambie arudi kwenye tarehe, picha ilikuwa imeshaondoka.