Spirulina kwenye uji wa mtoto

SWALI: Nimeuziwa Kariakoo kopo la unga wa spirulina, ule mwani mdogo sana unaokuzwa kwenye mabwawa. Lebo inasema protini asilimia 60, kuizidi hata nyama. Mwanangu wa miaka minne hataki dagaa kabisa. Nikimtilia kijiko cha chai kwenye uji wa sembe, si inatosha? – Mama wa Mbagala

JIBU: Haitoshi, mama, ingawa lebo haijadanganya. Asilimia hiyo ni ya unga mkavu, ilhali nyama hupimwa pamoja na maji yake. Kijiko cha chai kina kama gramu 3 za unga, yaani protini gramu 2 hivi. Yai moja lina gramu 6, na bei unaijua.

Ubora wa protini yake si mbaya. Amino asidi (vijenzi vya protini) zote muhimu zimo, ila methionini na sisteini ni pungufu, na lisini haifikii ya yai wala maziwa. Sembe nayo ina lisini haba sana, na gramu 2 haziwezi kuziba pengo hilo. Glasi ya maziwa (mililita 250) ina protini gramu 8 zenye lisini tele.

Vitamini B12 inayotangazwa kwenye makopo haya usiitegemee: sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili hauitumii.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni usafi. Bwawa la wazi likiingiliwa na mwani mwingine, unga unaweza kubeba sumu ya mikrosistini inayodhuru ini, na madini mazito kama risasi pia. Kopo lisilotaja mzalishaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, mtoto asipewe.

Dagaa wajaribu hivi: toa vichwa na matumbo (uchungu unatoka huko), osha mchanga, kausha, kaanga bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, saga, chekecha. Tia kijiko kwenye mchuzi mzito wa nyanya au maharage. Kwenye uji shombo itamshtua tu.

SWALI: Na mwani wa Zanzibar, unafaa kwa protini? – Msomaji, Sinza

JIBU: Hapana. Ule wa Paje na Jambiani hulimwa kwa ajili ya karajinani, kitu cha kugandisha vyakula na dawa ya meno. Protini yake ni ndogo mno kuilinganisha na spirulina. Juisi ya mwani huo inywe kwa kuipenda tu, si kwa protini.