Muuguzi wa machimboni, usinyamazie zebaki

Wiki iliyopita binti mmoja anayeanza kazi kwenye zahanati ya machimboni, mkoani Geita, aliniandikia: “Dada, nikiongelea zebaki naambiwa si kazi yangu. Nifanyeje?” Mdogo wangu, ni kazi yako.

Nimefanya kazi katikati ya wachenjuaji, wale wanaonasa dhahabu kwa kuichanganya na zebaki, kisha wanauchoma mchanganyiko huo ili ibaki dhahabu tupu. Mama mmoja alikuja kliniki ya wajawazito akilalamika kichwa, mikono inamtetemeka hata kadi haishikiki vizuri. Malaria hana, presha iko sawa. Nikamuuliza, dhahabu mnachomea wapi? Akajibu bila wasiwasi: jikoni, juu ya jiko la mkaa, usiku watoto wakishalala. Mchana wanaogopa wezi.

Zebaki ikipata moto hugeuka mvuke usioonekana wala kunuka. Mapafu hufyonza takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa, nao huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Unaobaki hutua ukutani, kwenye neti, kwenye mablanketi.

Nilipompelekea mkubwa wangu habari hiyo, alinijibu mbele ya wenzangu kwamba mimi ni muuguzi, si mkemia. Neno lile linaniuma mpaka leo. Sikuacha. Kila mjamzito nilimuuliza: nani anachoma, wapi, nani yumo ndani? Nikaandika idadi, bila majina. Mwenyekiti wa kitongoji alipoiona akaitisha mkutano. Sasa wanachomea mbali na makazi, kwenye chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea mvuke, na zebaki inarudi kutumika tena. Wanaume walipolisikia hilo la mwisho hawakubisha, maana zebaki ni ghali. Najivunia sana.

Basi uliza. Andika. Ukichekwa, uliza tena. Mkaguzi wa mgodi haingii jikoni kwa mtu, lakini wewe mama anakwambia mwenyewe ukiwa unampima tumbo. Usingoje semina, wala usingoje kupandishwa cheo ndipo uwe na sauti. Na wakikubana, waambie Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unataka uchomaji wa aina hii kwenye makazi ukomeshwe.

Mama mwenye dalili usimrudishe nyumbani na panadol. Mwandikie rufaa, na neno zebaki lisomeke kwenye fomu, la sivyo huko aendako wataanza tena kumtafutia malaria.