Nenda Iran wakati wa sikukuu, usiwasikilize wanaokutisha

Wiki iliyopita binti mmoja wa Tanga kaniandikia, anasema amejipanga kwenda Iran mwezi wa tatu ila wakala wa tiketi kamwambia aahirishe mpaka mwezi wa tano, eti kipindi cha Nowruz, mwaka mpya wao, maduka yamefungwa na watu wote wako barabarani, na Muharram, mwezi wa kumwomboleza Imam Hussein mjukuu wa Mtume, ndo asithubutu kabisa maana atakuta watu wanalia tu. Nilimjibu kwa kirefu, halafu nikaona niweke hapa wote mpate, kwa sababu na mimi niliambiwa maneno hayohayo na nashukuru sikuyafuata.

Mdogo wangu, nenda, tena nenda wakati huohuo wanaokukataza. Persepolis, ule mji wa magofu, ipo tangu enzi za mfalme Dario, utaikuta hata mwezi wa tano. Watu je? Mtu utamjua siku anayofurahi na siku anayofiwa, siku za katikati anakuuzia zulia tu.

Kwanza elewa kalenda maana hapo ndo wengi wanapokwama. Wairani wana mwaka wao wa jua unaoanza na Nowruz, tarehe 20 au 21 mwezi wa tatu, haubadiliki sana. Sikukuu za dini zinafuata mwezi mwandamo kama kwetu, kila mwaka zinarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Kwa hiyo kuna miaka zinakutana, na mimi Mungu alinipeleka 2024, Nowruz iliingia katikati ya Ramadhani.

Nilifikia Shiraz kwa familia ya rafiki yangu niliyesoma naye chuo Malaysia. Mwaka kule hauingii saa sita usiku, unaingia dakika ileile jua linapovuka ikweta, na mwaka ule ilikuwa saa 12 na dakika 36 asubuhi kwa saa zao. Tulikula daku, tukaswali, hakuna aliyerudi kulala. Sofra ya haft-sin, vitu saba ambavyo majina yake kwa lugha yao yanaanza na herufi sini, ilikuwa imetandikwa tangu jana yake, ngano iliyooteshwa kwenye sahani ikafungwa utepe mwekundu, tufaha, vitunguu saumu, siki, sumaki ile ya kunyunyizia nyama, kioo, mayai ya rangi, bakuli la samaki wekundu wawili, na pembeni masinia ya vitamu vya njugu na maji ya waridi ambayo hakuna aliyegusa hata kimoja, maana wote tumefunga. Bibi alikuwa na msahafu mapajani. Televisheni ikahesabu, mzinga ukalia, watu wakakumbatiana, bibi akafungua msahafu na ndani kati ya kurasa kulikuwa na noti mpya kabisa, akawa anampa mmoja mmoja kuanzia mdogo. Na mimi akanipa. Ile noti ninayo mpaka leo na siitumii.

Mama wa nyumba akaniuliza Afrika tunaadhimishaje mwaka, nikamweleza Mwaka Kogwa wa Makunduchi, watu wanavyopigana kwa migomba na kibanda kinavyochomwa moto, na kwamba kuna Waunguja wanaojiita Washirazi hadi leo. Akaita majirani waje wasikie! Nilikaa mle sebuleni naulizwa maswali hadi adhuhuri, nikajisikia fahari ya kwetu kuliko siku yoyote.

Sasa siku ya kumi na tatu ndo siku yao ya kutoka mjini, Sizdah Bedar, nchi nzima inaenda kula bustanini na mtoni. Mwaka ule ikaangukia tarehe 1 Aprili, na siku hiyohiyo ilikuwa 21 Ramadhani, siku ya kufa kishahidi kwa Imam Ali. Yaani pikiniki na msiba siku moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa Shah Cheragh, ziara kubwa ya Shiraz, uwanja umejaa, taa zikipigana na vioo vya kuta, na watu wameweka misahafu juu ya vichwa wanaomba kwa sauti. Hata kama si madhehebu yako, ukisimama pale unanyamaza. Kulipokucha tukaenda kwenye bustani ya mjomba wao, muziki hakuna, bibi kavaa nyeusi, samovar, birika lao kubwa la chai, imekaa haina moto hadi magharibi, sufuria ya ashi, supu nzito ya tambi, ikichemka kwa ajili ya futari. Mabinti wakafunga mafundo kwenye majani ya ngano wakinong'ona dua zao za kuolewa kisha wakayatupa mferejini. Nani angekuonyesha hayo mwezi wa tano?

Ushauri wenyewe ni mfupi. Badilisha hela mapema kabla sikukuu haijaingia, kadi zetu za benki hazifanyi kazi kule kwa sababu ya vikwazo na maduka ya kubadilisha fedha nayo yanafunga, kwa hiyo beba dola au yuro taslimu. Bei wanakutajia kwa tomani, noti zimeandikwa riali, tomani moja ni riali kumi, uliza kabla hujalipa. Basi na treni kata mapema maana Wairani wenyewe wanasafiri hadi wanalala kwenye mahema kwenye bustani za miji. Ukitaka utulivu wakati wa Nowruz kaa Tehran, foleni zake zote zinayeyuka. Ramadhani usile hadharani mchana hata kama wewe ni Mkristo. Na la muhimu kuliko yote tafuta mwenyeji, tafuta mwenyeji, narudia.

Muharram nilirudi tena Iran, tukaenda Taft karibu na Yazd kuona nakhl siku ya Ashura, kumi Muharram. Ni jengo la mbao kubwa lililofunikwa vitambaa vyeusi, na wanaume wanaliingia chini wanalibeba mabegani huku umati wote unaita Ya Hussein. Nenda kama unavyokwenda msibani kwetu, nguo nyeusi, simu mfukoni, mdomo umefungwa. Niliona wageni wanawasogezea kamera wakinamama wanaolia, karibu kabisa na uso, niliumia sana. Mama mmoja asiyenijua akanishika mkono akanipa boksi la wali na gheymeh, zile dengu na nyama zenye ndimu kavu, chakula cha nadhiri, hakuuliza mimi nani wala naswali vipi. Usikatae, na usitoe hela.

Niliporudi nyumbani, kwenye grupu la ukoo kuna mtu kaandika nimekwenda kulia na Mashia. Wengine wakacheka. Mimi ni Sunni, tisa na kumi Muharram nafunga kila mwaka na mwaka ule nilifunga nikiwa hukohuko, boksi lile nikafuturia. Lile neno bado linaniuma, hasa kwa kuwa Dar maandamano ya Ashura ya Maithnaasheri, Mashia wa hapahapa kwetu, yanapita barabarani kila mwaka na hao wanaocheka hawajawahi kusimama hata dakika tano kuangalia jirani yao anaomboleza nini. Ndugu zangu, tuache. Kumwangalia mwenzio anavyomkumbuka Mungu hakukutoi kwenye dini yako.

Muharram nyingine Mungu akijaalia nataka niende kusini, Bushehr, maombolezo kule yanapigiwa ngoma za damam na matoazi, na huko pwani hadi Hormozgan kuna Wairani weusi ambao mababu zao walitolewa pwani hii yetu, wengi utumwani. Kama kuna aliyewahi kufika au ana mwenyeji kule aniambie, nimeshaanza kuweka nauli.