Umeniuliza kwa nini bado naenda Kyela

Mwanangu,

Huku Uyole salama, baridi ya mwezi wa sita unaijua, naandika nimejifunika blanketi. Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unasema mama, maji ya mafuriko ya Kyela yalishakauka zamani, misaada ilishapelekwa, serikali ipo, magoti yanakusumbua, sasa kila mwezi unapanda Kosta na akina mama wa kanisa kufuata nini. Sikukasirika. Hata mimi mwanzoni nilikuwa najiuliza hivyohivyo.

Misaada ilienda kweli. Wiki ya kwanza magari yalipangana, unga, maharage, magodoro, na mitumba mpaka darasa zima likajaa hadi dirishani, suti za kiume na viatu vya visigino jamani, kwenye tope lile! Vingine tulipeleka sisi wenyewe, nakiri. Baada ya wiki 3 hakuna gari tena, na ndo mtu anarudi kwake anakuta hana nyumba, maana wengi kule wamejengea tofali mbichi, maji yakilala siku mbili chini ya ukuta unakaa chini wenyewe na bati lake juu.

Halafu mpunga. Wanapanda mvua zikishika, Desemba Januari, wanavuna Mei Juni, sasa mto ukivunja kingo mwezi wa nne unaukuta mpunga umeshabeba punje. Hapo hajapoteza chakula cha wiki, amepoteza mwaka, ada, mbegu ya msimu ujao, na kuna ambao walishauuza ukiwa bado shambani kwa hiyo wanadaiwa kitu kilicholiwa na mto. Kiroba cha unga kitasaidia nini hapo.

Kuna bibi mmoja, mchanga wa mafuriko ulifunika jaruba lake la mpunga ukapita kifundo cha mguu. Tulitoa kwa chepe na karai Jumamosi 3, vijana wa kwaya ndo walibeba kazi. Siku tulipoufikia udongo mweusi yule bibi aliinama akachota kidogo, akanusa, akaufunga kwenye ncha ya kanga yake. Hakusema neno. Mbegu tulimkopesha, akivuna anampa jirani kipimo kilekile.

Sasa kosa langu. Orodha ya kwanza niliandika mimi kwenye daftari lako la kidato cha pili, na nikaandika niliowajua, yaani watu wa kanisani. Kuna mzee Mwislamu nyumba ilianguka yote, nilimpita nikamsalimia vizuri tu nikaendelea na safari. Mwenyekiti wa kitongoji ndo aliniita pembeni, mama, huyu naye ni mtu. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikimwona yule mzee inarudi. Siku hizi orodha inatoka kwenye kamati ya maafa ya kijiji, sheria ya maafa ya 2022 inataka ziwepo hadi huko chini, sisi tunapeleka mikono tu. Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki tunachanganyika, na nyumba ya yule mzee fundi alitoka msikitini kwao sisi tukasomba maji. Mwenzetu mmoja alitaka tuhubiri kwanza ndo tugawe mahindi, tukagombana palepale mbele ya magunia, nikamwambia aliyelala njaa hasikii mahubiri. Bado amenuna.

Hiyo ya serikali sibishi, Hanang kule Manyara baada ya lile tope la mlimani la tarehe 3 Desemba 2023 watu wamejengewa nyumba. Lakini Hanang nchi nzima ilisikia. Mafuriko ya Kyela yamezoeleka, redioni ni dakika moja. Na hapa Itezi mlima Kawetere uliposhuka Aprili 2024 ukafunika nyumba za watu, ulinipigia simu mara 4 siku moja, mwezi uliofuata hukuuliza tena. Sikulaumu, uko mbali na una kazi, ila wale watu mwezi uliofuata walikuwa bado wamepanga vyumba kwa ndugu.

Magoti napaka ile dawa uliyotuma. Karai nimeacha, siku hizi napika na kukaa na watoto wadogo wakati mama zao wako jarubani. Mwezi ujao tunachimba choo cha mama mmoja mwenye watoto 5, ardhi kule ukichimba kidogo tu unakuta maji kwa hiyo tunainua kwa tofali za kuchoma. Ukija Desemba njoo na buti zako za mvua, saizi yako huku hazipatikani.

Mama