Blogu au tovuti kwa wakala wa nyumba na viwanja: uzoefu wangu wa Arusha

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unaanza kazi ya uwakala wa nyumba na viwanja hapo Moshi, kwamba una shilingi 800,000 za kujitangaza mtandaoni, na kwamba vijana wawili wamekushauri mambo yanayopingana: mmoja anataka akutengenezee tovuti kamili yenye orodha ya mali, mwingine anasema ufungue blogu ya bure uanze kuandika. Nimefanya kazi hii Arusha kwa zaidi ya miaka kumi, nimetumia njia zote mbili, na moja kati ya hizo ilinipotezea fedha nyingi. Nitakueleza nilichokiona, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Blogu nayo ni tovuti. Tofauti ni namna inavyopangwa. Katika blogu, chapisho jipya hukaa juu na la zamani hushuka chini, na kila chapisho lina tarehe yake. Katika tovuti ya kawaida ya uwakala kuna kurasa zisizohama, kama vile ukurasa wa nyumba za kupangisha, wa viwanja na wa mawasiliano, na ikitengenezwa vizuri mteja anaweza kuchuja mali kwa eneo, bei na idadi ya vyumba. Blogu haichuji hivyo. Unaweza kuweka lebo za Njiro, Sakina au Moshono, lakini nyumba uliyoitangaza Januari itakuwa imefukiwa na machapisho mengine ifikapo Aprili, hata kama bado haijapata mpangaji.

Kwa maelezo hayo tovuti inaonekana ndiyo jibu, na mimi pia niliona hivyo. Mwaka 2016 nilimlipa fundi, ambaye sitamtaja, anitengenezee tovuti yenye orodha, picha na fomu ya maombi. Ilikuwa nzuri, na kwa miezi mitatu ya kwanza niliijaza kwa bidii. Kisha kazi ikanizidi. Nyumba za kupangisha hapa mjini hazikai: unatangaza nyumba ya Kijenge Jumatatu, Jumatano imeshachukuliwa na mtu aliyeletwa na dalali mwingine, na mwenye nyumba hakupigii simu kukuarifu. Orodha yangu ikaanza kubeba nyumba ambazo hazipo. Mteja anapiga simu kutoka Dar es Salaam, namwambia hiyo imeondoka. Anataja ya pili, nayo imeondoka. Akifika ya tatu anaanza kuniona kama wale wanaotumia picha za nyumba nzuri kuvutia watu ili wawapeleke kwenye nyumba nyingine. Sikuwa na nia hiyo hata kidogo, lakini yeye alikuwa na haki ya kufikiri hivyo, kwa sababu ukurasa wangu ulimwambia jambo lisilo la kweli.

Hilo ndilo ningependa ulipime kabla ya kitu kingine chochote. Orodha ya mali ni ahadi inayohitaji kutunzwa kila siku. Kampuni inayouza viwanja 200 vya mradi mmoja uliokwisha kupimwa inaweza kuitunza, kwa sababu ina mtu ofisini wa kuandika "kimeuzwa" mara tu malipo yanapoingia, na mali zote ni zake. Wakala anayetembea peke yake kati ya Soweto, Rau na Kiboriloni hapo Moshi, akitegemea nyumba ambazo madalali wengine wanne pia wanazo, hataweza. Usilipie kitu ambacho kitakuharibia jina ukichoka.

Tatizo langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, na wengi hawalifahamu mpaka limewapata. Yule fundi alisajili jina la tovuti, yaani domeini, kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Mwaka wa pili tulipotofautiana kuhusu gharama za kuhuisha, sikuwa na uwezo wa kulihamisha wala kulilipia mwenyewe; muda wake ukaisha, na jina lililokuwa kwenye kadi zangu za biashara na kwenye mabango niliyosimamisha Usa River likawa halifungui chochote. Kwa hiyo chochote utakachochagua, jina liwe lako. Lisajili wewe kwa wakala aliyeidhinishwa, kwa jina lako au la biashara yako, kwa barua pepe unayoifungua wewe, na neno la siri likae kwako. Fundi mpe ruhusa ya kufanya kazi tu. Ukiwa na jina lako, unaweza kubadilisha kila kitu kilicho nyuma yake bila mteja kupotea njia.

Baada ya kupoteza tovuti ile nilifungua blogu ya bure ya Blogger, nikaanza kuandika juu ya mambo ambayo wateja walikuwa wakiniuliza kila siku. Sikuandika kwa kutaka sifa ya mwandishi. Nilichoka kurudia maelezo yaleyale kwenye simu. Niliandika namna ya kufanya upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya msajili kabla ya kulipa. Niliandika tofauti kati ya kiwanja kilichopimwa chenye hati na shamba lililo ndani ya ardhi ya kijiji, ambayo inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na haiuzwi kwa sahihi ya muuzaji na shahidi mmoja tu bila halmashauri ya kijiji kuhusika. Niliandika pia kwamba mtu asiye raia hamilikishwi ardhi kama raia, kwa kuwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inamruhusu kwa ajili ya uwekezaji tu. Hilo katika mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na kampuni nyingi za utalii huulizwa karibu kila wiki. Na niliandika maelezo marefu juu ya kila eneo: maji yanatoka siku gani, barabara ya vumbi inakuwaje wakati wa masika, daladala za kufika mjini zinapita wapi.

Maelezo hayo hayakuchakaa kama orodha ilivyochakaa. Nyumba ya Njiro inapangishwa na kuondoka, lakini swali la mtu anayetaka kuhamia Njiro linabaki lilelile mwaka hadi mwaka, na Google iliendelea kuwaleta watu kwenye chapisho nililoliandika zamani. Wateja wa namna hiyo wanapopiga simu hawaanzi na bei. Wanaanza kwa kusema wamesoma, na mazungumzo yanakuwa ya watu wawili wanaofahamiana kidogo.

Nikupe mfano unaokuhusu zaidi wewe uliye Moshi. Niliandika makala moja juu ya kununua sehemu ya kihamba, yaani shamba la ukoo linalorithishwa, huko Uchagani: kwamba hata kama anayeuza ndiye anayelima na kuishi pale, ndugu wa ukoo wanaweza kuona walipaswa kuulizwa kwanza, na kwamba mke wa muuzaji asipohusishwa unanunua kesi. Mzee mmoja mwenye asili ya Rombo anayeishi Uingereza aliisoma, akanipigia, na kwa nusu saa nzima hakuniuliza habari ya kiwanja chochote. Alinieleza mgogoro wa familia yao. Desemba aliporudi nyumbani kwa Krismasi alikuja Arusha na mwanawe, na walinunua kupitia kwangu kiwanja kilichopimwa Usa River. Hakuna orodha ambayo ingemfikisha kwangu mtu yule. Alikuwa mbali, alikwisha kusikia habari nyingi za watu waliotapeliwa, na alichokuwa akitafuta ni dalali anayeeleza hatari zilizopo hata pale ambapo maelezo hayo yanaweza kumkosesha mauzo.

Lipo jambo la kisheria ambalo usilipuuze unapofikiria blogu hapa Tanzania. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ada ya shilingi 100,000 ya maombi na 1,000,000 ya leseni, na Juni mwaka huo wale ambao hawakuwa wamesajiliwa walitakiwa kusitisha huduma. Mimi nilisitisha, na makala zangu zikakaa bila kusomwa na mtu kwa muda mrefu. Marekebisho ya 2022 yalipunguza mzigo huo, leseni ikielekezwa zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Hata hivyo, nenda kwenye ofisi ya TCRA ya kanda, ambayo iko hapa Arusha, uwaeleze unachotaka kuandika, upate jibu lao kabla hujaanza. Na usiingize habari za siasa wala za matukio ya mjini kwenye ukurasa wa nyumba. Vilevile, kama utaweka fomu inayokusanya majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakuhusu; namba ya mteja aliyeuliza kiwanja haipaswi kugawiwa kwa madalali wenzako.

Niliporudi nilitumia mpango ninaoutumia mpaka leo, ambao ndio ninaokushauri. Nina jina langu mwenyewe, na nyuma yake ipo WordPress, programu inayokubali kurasa zisizohama na machapisho ya blogu mahali pamoja. Kurasa zisizohama ni tatu: mimi ni nani na ofisi iko wapi, natoza nini, na namna ya kunipata. Zilizobaki zote ni makala. Mali ninazoweka hazizidi nane kwa wakati mmoja, na ni zile tu ambazo mwenye mali amenipa kwa maandishi. Nyumba za kupangisha zinazopita haraka naziweka kwenye WhatsApp, ambako mtu hategemei kukuta tangazo la mwezi uliopita. Ukurasa wa ada ulinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kero kubwa ya wapangaji ni kufika mahali wakadaiwa fedha ya kuonyeshwa nyumba ambayo hawakuambiwa mapema.

Kama hata gharama ya WordPress kwa mwaka ni kubwa kwako sasa, Blogger inakubali kuunganishwa na domeini yako bila kukutoza zaidi, na baadaye unaweza kuhamisha makala zako huku anwani ikibaki ileile. Kitu nisichokushauri ni kuanza na anwani ya bure ya Blogger, inayoishia na blogspot, ukachapisha bango kwa jina hilo.

Picha zinahitaji uangalifu. Simu za sasa hutoa picha ya MB 4 au zaidi. Ukiweka 20 kwenye chapisho moja, msomaji anatakiwa kupakua MB 80 kutoka kwenye kifurushi chake, naye hatasubiri. Zipunguze zifike chini ya KB 200 kila moja. Usipige picha inayoonyesha geti na namba ya nyumba, kwa usalama wa mwenye nyumba na kwa sababu kuna madalali watakaokuzunguka wamfuate moja kwa moja. Lakini usifiche eneo kiasi cha kudanganya: Kisongo iitwe Kisongo, isiitwe "karibu na mjini".

Kuhusu lugha, andika kwa Kiswahili kwanza, na kwa Kiingereza makala zile tu zinazowahusu wageni wanaopanga, kila moja kwenye ukurasa wake na kwa maneno yaliyofikiriwa upya. Watu wa nyumbani wanaoishi nje hutafuta kwa maneno kama "kiwanja kinauzwa Moshi chenye hati", na kurasa zinazojibu maneno hayo kwa Kiswahili kilichonyooka bado ni chache.

Katika shilingi 800,000 zako, lipia domeini na mahali pa kuhifadhi kurasa kwa mwaka mzima, mlipe fundi siku moja au mbili za kupanga, na zilizobaki zitunze kwa nauli ya kwenda kuyaona maeneo utakayoyaandika. Makala ya kwanza ningeiandika juu ya vihamba, kwa kuwa wewe unazijua familia na desturi za huko kuliko mimi niliye Arusha, na ningehakikisha imekwisha kuchapishwa kabla ya Novemba, wakati watu wa Dar es Salaam na wa nje wanapoanza kuuliza bei kabla ya kupanda mabasi ya Krismasi.